Dhahabu, hati na amana ya mtu: nyumbani au benki?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke niliyeolewa. Nina dhahabu ya mahari yangu, mikufu aliyoniachia marehemu mama, hatimiliki ya kiwanja na fedha taslimu kidogo. Juu ya hayo, mdogo wangu wa kike aliye safarini ameniwekesha fedha zake na bangili mbili. Vyote viko ndani ya begi juu ya kabati la chumbani. Mume wangu anataka vyote viende benki, kwenye kisanduku cha kukodi. Kaka yangu anasema benki ni nyumba ya riba, na kwamba kukimbilia huko ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Nifunge mlango, nisome Ayatul Kursiy, basi. Nimsikilize nani?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yetu.

Nianze na kaka yako, kwa kuwa hoja yake inawatia wengi wasiwasi. Ayatul Kursiy isome, usiiache. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache huku akitawakali, alimwambia amfunge kisha atawakali. Imepokewa na Tirmidhi, na naamini kaka yako anaijua. Huenda asiyoikumbuka ni habari ya Hijra, Mtume alipohama Makka kwenda Madina. Mama Aisha (r.a.) amesimulia, katika Bukhari, kwamba Mtume na Abu Bakr walimkodi kiongozi wa njia aliyekuwa bado katika dini ya makafiri wa Kikuraishi. Walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana awapeleke kwenye pango la Thawr baada ya nyusiku tatu. Safari yao ilitegemea ngamia wale, na waliwaacha mikononi mwa asiye Mwislamu, kwa ujira. Nani atasema Mtume alipungukiwa tawakkul?

Kuhusu riba, hapo simbishii kaka yako hata neno. Ila amechanganya vitu viwili vilivyo chini ya paa moja. Kisanduku cha kukodi ni chumba kidogo cha chuma ndani ya chumba kikubwa cha chuma. Kwa kawaida hufunguliwa kwa funguo mbili, mmoja wako na mwingine wa benki, na hakuna unaofungua peke yake. Unalipa kodi ya kisanduku, unaweka chako, unaondoka. Benki haiigusi dhahabu yako, haiikopeshi, wala haikuongezei kitu. Huo ni mkataba wa ijara, yaani wa kukodi, na wengi wa wanazuoni wa zama hizi hawaoni ubaya kwa anayehitaji hifadhi. Ikiwa ipo benki ya Kiislamu inayotoa huduma hiyo karibu nawe, anza na hiyo.

Akaunti ina hukumu nyingine. Fedha unazoingiza benki huzikuti zimekaa pale. Zinatumika, nawe unadai mfano wake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Abu Dhabi mwaka 1995, lilipitisha kwamba fedha za akaunti ambazo mwenyewe anaweza kuzitoa wakati wowote ni mkopo kisheria, iwe benki ni ya Kiislamu au ya riba. Fiqhi hii ina asili ya zamani. Sahaba Zubayr bin al-Awwam (r.a.) alikuwa akiletewa mali na watu awatunzie, naye akiwaambia: hapana, iwe mkopo, kwani nachelea isije ikapotea. Alijua kwamba mwekeshwa amana halipi kikipotea bila uzembe wake, na mkopaji hulipa kwa vyovyote. Kwa kuwa ni mkopo, nyongeza yoyote iliyoshurutizwa juu yake ni riba. Basi fedha zako zikienda benki ya kawaida, chagua akaunti isiyotoa riba. Ikiingia bila kupenda kwako, itoe kwa mafukara kwa nia ya kujisafisha nayo, usiihesabu kuwa sadaka yako.

Sasa tuje kwenye begi lako, ambalo kwa kweli limenisumbua kuliko benki. Mafaqihi wetu, yaani wanazuoni wa sheria, wanapozungumzia wizi na amana hutumia kipimo kinachoitwa hirzi, yaani mahali ambapo watu kwa desturi huhifadhi kitu cha aina hiyo. Hawakusema nyumba ni hirzi ya kila kitu. Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, wameeleza kwa undani wa kushangaza: zizi ni hirzi ya mnyama, si ya vyombo na nguo, ua na baraza la nyumba ni hirzi ya vyombo na nguo za kila siku, si ya mapambo wala fedha. Kila mali ina mahali pake, na mahali penyewe hubadilika kwa zama na kwa hali ya usalama. Begi la juu ya kabati ni hirzi ya mablanketi. Mwizi aingiapo chumbani, kabati na godoro ndivyo vya mwanzo kupekuliwa. Tena wizi si hatari pekee. Hatimiliki haihitaji mwizi, moto mdogo au bomba lililopasuka linatosha.

Kwa hiyo sisemi nyumbani ni haramu wala benki ni wajibu. Kasiki ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani, ndani ya nyumba isiyokaa tupu, ni hirzi nzuri. Mwenyewe naona vile usivyovivaa kwa miezi pamoja na hatimiliki vina mahali bora kwenye kisanduku, na nakala ya hati ubaki nayo. Unavyovaa mara kwa mara na fedha ya dharura vibaki nyumbani, kwa kiasi ambacho kikipotea hakikuvunji. Waulize benki pia jambo moja kabla ya kusaini: kisanduku kikivunjwa, nani analipa? Bima inayolinda fedha za wateja kwenye akaunti kwa kawaida haigusi kilichomo kisandukuni, na mikataba mingi huweka kikomo cha fidia. Piga picha kila pambo, na risiti kama zipo zihifadhi.

Vya mdogo wako vina uzito zaidi. Mali yako ukiiweka ovyo, umejidhulumu mwenyewe. Yake ni amana, na Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe (An-Nisaa: 58). Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka huku watu wanamtaka roho, alimwacha Ali (r.a.) nyuma arudishe amana za watu wa mji huohuo. Sasa pima: bangili zile zikiibwa kutoka mahali ambapo watu hawaweki dhahabu, wewe ni mzembe kisheria na utalipa. Zikiibwa kutoka hirzi inayofaa, hulipi kitu. Mpigie simu umweleze unataka kuzihamisha, naye akubali. Fedha zake usiziingize kwenye akaunti yako bila idhini yake, kwani zikichanganyika na zako umezitumia, na kuanzia hapo ni deni shingoni mwako. Akiridhia iwe hivyo, andikeni. Na vitu vyake vikae katika mfuko wao, wenye jina lake.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo ni zaka. Dhahabu ikifika mithqali 20, takriban gramu 85, na ikapitiwa na mwaka wa mwandamo, hutolewa asilimia 2.5. Wahanafi wanaitoa hata kwa pambo linalovaliwa. Mashafii, Wamaliki na Wahanbali hawaitoi kwa pambo la halali la kuvaa. Lakini hata kwa Mashafii, ukigeuza nia ukaifanya ni hazina, akiba ya kuuza siku ya shida, zaka inawajibika. Kuipeleka benki peke yake hakubadilishi hukumu. Mkufu unaosubiri harusi ijayo bado ni pambo. Ule ambao moyoni umeshaamua hutauvaa tena, uupime na uutolee.

Mume wako amekushauri vyema, ila ni ushauri. Mahari ni yako na urithi wa mama ni wako. Hana haki ya kukulazimisha, wala ya kukodi kisanduku kwa jina lake peke yake kisha dhahabu yako iwe humo. Kikodiwe kwa jina lako, au kwa majina yenu wawili ukipenda.

Na usifiche mpaka ukajificha. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia hapaswi kulala nyusiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Zubayr niliyemtaja alimwita mwanawe Abdullah siku ya vita vya Jamal, akamweleza madeni yake. Alipouawa, Abdullah alihesabu akakuta yamefika 2,200,000, akayalipa yote, kisha kwa miaka minne akatangaza katika msimu wa Hija: mwenye kumdai Zubayr aje. Angekaa kimya baba yule, nani angejua? Ukifariki, benki hukifunga kisanduku mpaka warithi walete nyaraka, na warithi wasiojua kuwa kipo hawataleta chochote. Andika karatasi moja: kilichopo, kilipo, kipi chako na kipi cha mdogo wako. Itie sahihi mbele ya mashahidi wawili, umkabidhi mtu mwaminifu asiye mwizi wala msemaji ovyo. Kaka yako, kwa wasiwasi wake huu wa dini, huenda akafaa.

Wallahu aalam.