Sakafu ya bafu imekauka juu tu, vigae visubiri

Ndugu, umeuliza kama fundi aanze kubandika vigae kesho: skridi (tabaka la kusawazisha sakafu juu ya zege) ya saruji na mchanga, unene sentimita 5, ina wiki mbili tangu imwagwe, na kwa macho imekauka. Hapana, asianze. Jibu hili nimelinunua kwa hela yangu.

Bafu langu la kwanza lilikuwa na sakafu ya kupendeza. Fundi aliisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa. Miezi kama saba baadaye kigae kimoja karibu na mlango kikaanza kulia nikikikanyaga. Nikachomeka bisibisi pembeni, kikainuka kizima bila hata kutumia nguvu. Nilipokigeuza nikakuta gundi imeng'ang'ania kigae barabara, ila upande wake wa chini umejaa unga mweupe kama umepakwa poda. Gundi ilifanya kazi yake. Ilishika vumbi, na vumbi lenyewe halikuwa limeshika kitu.

Unga ule ni saruji laini inayopanda juu pamoja na maji, pale mchanganyiko unapozidishwa maji au mwiko unapopigwa kupita kiasi. Ikikauka inabaki ngozi dhaifu. Chukua msumari, kwaruza mistari ya kukatizana sehemu tano sita. Ikichimbika na kutoa unga, ngozi hiyo itoke yote kwa mashine ya kusaga. Bafu dogo hata brashi ya waya inatosha, ila bega utalisikia. Kisha vuta vumbi kwa mashine, maana ufagio unalihamisha tu. Na usikubali ujanja wa kumwagia uji wa saruji juu ya vumbi eti ushike. Hiyo ni ngozi juu ya ngozi.

Ukiwa hapo chini, gongagonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu, skridi imeachana na zege. Mimi hapo huchukua tindo, navunja na kumwaga upya.

Sasa unyevu. Makadirio ya mafundi ni siku moja kwa kila milimita, kuhesabu tangu ulipoacha kumwagilia. Yako ni siku 50 hivi, na kukiwa na baridi au hewa haipiti, zaidi. Tandika kipande cha nailoni nzito, bandika kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake au sakafu imegeuka nyeusi, subiri. Ikiwa kavu bado si uthibitisho kamili, kwa hiyo kama unaweza kupata kipimo cha unyevu, tumia. (Skridi ya jasi ni habari nyingine: lazima isagwe na ipakwe praima, yaani dawa ya kwanza ya kuandaa sakafu ishike gundi, la sivyo gundi ya saruji hugombana na jasi na kigae huachia.)

Mteremko urekebishe sasa, usimwachie fundi aupate kwa kuzidisha gundi. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Weka gololi kila kona uone inakokimbilia. Yangu ilikimbilia mlangoni. Rula ya mita 2 ikionyesha mwanya unaozidi milimita 3, jaza.

Ndipo ipakwe praima, halafu dawa ya kuzuia maji mipako miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na utepe wake kwenye kona zote na kuzunguka tundu. Ikishakauka, ziba tundu, jaza maji kidogo, piga alama ya penseli ukutani uache saa 24, uone kama maji yanashuka kwa kuvuja.

Fundi akilalamika siku zake zinapotea, mpe kazi ya kusaga hiyo ngozi kesho. Ikishatoka, hata unyevu wa ndani utapata pa kupumulia.