Kaka Deki Anajibu: Commando imeharibika au macho yetu ndo yamezeeka?

SWALI: Kaka Deki mambo. Juzi nilisema ngoja nimuonyeshe kijana wangu wa miaka 14 ile muvi ya Commando tuliyokuwa tunabanana kwenye banda la video kuiangalia tukiwa wadogo. Nimeiweka kwenye fleshi, picha safi kabisa, dogo anacheka tu, pa kuogopa anacheka, ananiambia baba hii mbona komedi. Na mimi mwenyewe naona kama sio ile. Wameibadilisha? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Ni ileile ya 1985 ndugu yangu, Schwarzenegger ni yuleyule, na binti anayetekwa ni Alyssa Milano. Kilichoondoka ni chenga, zile punje za kwenye picha mbovu. Si unazikumbuka kanda zetu? Ilikuwa imerekodiwa toka kanda nyingine ambayo nayo ilirekodiwa toka nyingine, mpaka ishuke na treni hapa Kigoma imeshachoka, stelingi unamtambua kwa mabega maana sura huioni, afu katikati ya mapigano mwenye banda anazima anafungua deki anasugua hedi inayosoma kanda kwa pamba na spiriti, watu sitini mnamsubiri na jasho. Sasa kwa chenga zile nani angeona kwamba ile Porsche ya njano iliyolala ubavu ikabonyea, jamaa akiiinua na kuondoka nayo upande uleule hauna hata mkwaruzo? Kijana wako kaona. Na wale wanaorushwa na mabomu, simamisha picha uangalie vizuri, ni masanamu.

Kingine kilichokosekana hapo sebuleni kwako ni mtafsiri. Wenye bahati walipata kanda za kina Lufufu, waliokuwa wanatafsiri muvi kwa Kiswahili, sisi wa Ujiji tulikuwa na kaka mmoja na maiki yake, na tulikuja kujua tumeshakuwa watu wazima kwamba Kiingereza hata cha kuombea maji hakuwa nacho, yani alikuwa anatunga mwanzo mwisho. Miaka yote mi nilijua Commando ni mzee anayedai mahari yake iliyodhulumiwa. Na mpaka leo nasema ile hadithi yake ilikuwa nzuri kuliko ya wenyewe.

Ila usikate tamaa na dogo, muwekee First Blood ya 1982, Rambo ya kwanza kabisa. Tuliikimbia utotoni kwasababu watu hawafi, hesabu mwenyewe anakufa mmoja tu. Kumbe ndo yenye stori. Jamaa katoka vita ya Vietnam, anaenda kumtafuta mwenzake aliyepigana naye anaambiwa kafa kwa kansa, anaingia mji wa jirani kutafuta chakula mkuu wa polisi anamfukuza kama mzururaji, basi vurugu zote zinaanzia hapo. Mwishoni Stallone, ndo Rambo mwenyewe, analia, anaongea maneno mazito, na pale bandani mtafsiri wetu alitwambia "hapa anaomba maji". Na nikupe siri, walishuti mwisho mwingine ambao Rambo anakufa, wakaamua kuutoa. Stelingi afe? Banda letu lingechomwa moto siku hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo kaka. Kuna mzee hapa kijiweni Kibirizi anabisha kwamba meli yetu ya Liemba ya Ziwa Tanganyika imecheza muvi ya Hollywood enzi za mkoloni. Kweli au kahawa imemzidi? (Msomaji, Kibirizi)

JIBU: Marahaba. Mzee yuko karibu na ukweli, mpeni kikombe kingine. Muvi ni The African Queen ya 1951, wamecheza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Bogart alichukua Oscar kwa hiyo. Liemba yenyewe haimo, walishuti Kongo, Uganda na studio za London, lakini ile meli ya vita ya Wajerumani mle ndani wazo lake limetoka kwenye Graf von Götzen, ambayo ndo Liemba hiyohiyo kabla Waingereza hawajaibadilisha jina.

Nimeirudia mwezi uliopita. Wale wawili kwenye kale kaboti wanagombana, wanapendana, Bogart anatoka majini kajaa ruba mwili mzima, unaangalia hauchoki mpaka leo. Mwisho ndo unanikera, wao wanaizamisha meli kwa mabomu waliyounda kwa mitungi ya gesi. Wakati ukweli ni mtamu zaidi, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ila kwanza wakazipaka injini grisi ya kutosha, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Hiyo ndo ilikuwa ya kushuti! Afu jambo ambalo udogoni sikuliona: Waafrika wanaimba kanisani mwanzoni, kijiji kinachomwa, baada ya hapo ukituona tena ni askari wa Mjerumani ngomeni wanampigia risasi stelingi. Ziwa letu, vita imepiganwa hapahapa, ila sisi tumepewa dakika za kuimba na za kukosa shabaha.

SWALI: Kaka, shemeji yangu kaweka dau la kreti ya soda kwamba Zamunda ya kwenye Coming to America ni nchi kweli, iko karibu na Zambia. Nisaidie kabla sijalipa. (Msomaji, Tabora mjini)

JIBU: Usilipe hata chupa moja. Zamunda waliitunga. Ila mwambie shemeji airudie, ni ya 1988 na bado inachekesha, aangalie yule mzee wa kizungu mbishi kwenye saluni ya kunyoa, ni Eddie Murphy mwenyewe kapakwa sura. Na akifumba macho mfalme akiongea atamsikia Mufasa wa The Lion King, James Earl Jones huyohuyo, na malkia wake Madge Sinclair ndo sauti ya mama Simba mle. Kreti ikishafika, mi nakunywa tangawizi.