Siku ya kungoja nayo ni siku

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na ujumbe wako nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyomwambia mama yako. Unauliza: uache kazi na kurudisha nyumba ya kupanga sasa hivi, ili visa ya kumfuata mchumba wako Marekani ikitoka uwe mwepesi wa kuondoka, au uendelee kama ulivyo mpaka visa iwe mkononi? Na umetaka nijibu mimi, si mama yako, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki enzi za uchumba wetu, yeye alipokuwa masomoni Uingereza. Uliyemuuliza ndiye. Sina hakika kama nitakujibu hicho ulichouliza.

Nianze na kilichonichoma. Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba pazia la chumbani limechanika na hulishoni kwa sababu unaondoka. Mafunzo ya kazini umeyakataa kwa sababu hiyo hiyo. Jumamosi unashinda ndani, simu iko kwenye chaji, unasubiri kwao kupambazuke. Akishaamka mnazungumza nini? Fomu. Barua pepe imejibiwa? Hali ya ombi imebadilika? Jumapili ya pili ya Machi wakasogeza saa zao kule Marekani, ukapiga akiwa hayuko, ukalia kutwa nzima. Simlaumu yeye wala wewe. Lakini hukulia kwa ajili ya saa moja, mwanangu. Ulilia kwa sababu siku nzima hukuwa umeweka kitu kingine chochote ndani yake.

Siku ya kungoja nayo ni siku. Mmelisikia neno hili tangu mkingoja matokeo ya mitihani, na wadogo zako hunimalizia kabla sijafika mwisho. Nalisema tena.

Habari ya kiti kimoja mnaijua nyote, ila mmeisikia kwa mama yenu. Alirudi, akaingia chumbani kwangu, akakuta kitanda, meza na kiti kimoja, akauliza, "Sasa mimi nakaa wapi?" Huwa mnacheka hapo. Upande wangu sijawahi kuusimulia wote.

Miaka ile ya 1980 simu ya nje uliiomba kwa opereta, na ukiipata, dakika zinaishia kwenye "unanisikia?" Kwa hiyo tuliishi kwa barua. Zilikuwa zile za ndege, karatasi moja nyembamba ya samawati inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Mama yako mwandiko wake ni mdogo, unaujua. Alijaza kila upande, na nafasi ikimwishia anaizungusha karatasi na kuandika pembezoni. Aliniandikia habari ndogo ndogo: mgonjwa wa wodini aliyemwita kwa jina la bintiye, soksi zilizogoma kukauka, mwanafunzi mwenzake wa ukunga aliyesoma kwa sauti usiku. Barua hizo nilizisoma mpaka mikunjo ikaachia.

Baba yako mdogo, wakati huo bado mtoto wa shule, alikuwa anakusanya stempu. Siku moja barua ilimfikia yeye kwanza. Akachukua wembe, akakata stempu kwa unadhifu mkubwa, akaniwekea barua mezani. Nyuma ya stempu kulikuwa na maandishi ya mama yako. Nikaikuta karatasi ina tundu la mraba. Mstari wa juu ya tundu ulisema wameitwa na mkuu wa chuo. Kisha hakuna kitu. Kisha, pembeni mwa tundu: "...tarudi Desemba kama tulivyopanga."

Nitarudi, au sitarudi?

Nilikwenda kwa mdogo wangu. Stempu alishaigandisha kwenye daftari kwa gundi, maandishi yameelekea chini. Tulijaribu kuibandua kwa mvuke wa maji ya moto, yeye akishika daftari huku analia, mimi nikiinua ukingo kwa ncha ya wembe ule ule. Karatasi ikalainika, ikaachia kidogo, halafu wino ukasambaa wote ukawa doa la buluu. Sikumpiga. Watu wazima walinishangaa kwamba sikumpiga.

Niliandika siku hiyo hiyo kuuliza. Barua ikaenda, na jibu nalo likawa na safari yake. Katikati ya hapo ndipo msimamizi wangu aliponiita akanipa nafasi ya kwenda kusimamia kituo kingine. Nilimwambia anivumilie kidogo, sijui mchumba wangu anarudi lini, na siwezi kuhama kabla sijajua. Hakuvumilia. Nafasi akapewa mwenzangu. Alikuwa mtu mwema, na kazi aliifanya vizuri, na mpaka leo nikisikia jina lake kuna kitu kinanikaza hapa kifuani. Nyumba sikuipanga, kwa kuwa tutaichagua pamoja. Kiti cha pili sikukinunua, kwa kuwa tutakinunua pamoja. Jioni nilikaa kwenye kiti kile kimoja nikiangalia mlango.

Jibu lilipofika, ilikuwa "sitarudi". Chuo kilikuwa kimewaongezea muda wa mafunzo ya wodini, na yote hayo alishayaandika, pamoja na maneno ya kunituliza, pale pale chini ya stempu. Hakuwa amenificha lolote. Lakini safari hii alieleza habari hiyo kwa mistari michache, na karatasi yote iliyobaki ikawa ya mwavuli. Alikuwa amenunua mwavuli, akausahau kwenye basi, akalifukuza basi kwenye mvua mpaka kituo cha pili, akaupata, na alipofika bweni akakuta mvua imekatika na yeye ameloa chapachapa. Nilicheka peke yangu mle chumbani. Nakwambia kweli, hapo ndipo nilipojua kwamba nitamuoa. Yule mtu wa Desemba nilikuwa nikimwota tu. Mtu wa mwavuli nilimfahamu.

Mama yako, nilipomsomea sehemu hii, amesema kiti kile kimoja kilimwambia mambo ambayo sikuwahi kumwandikia. Kwamba alipokiona alijua hakuna mtu aliyewahi kukaa pale mbele yangu. Sasa nifanyeje na hilo? Nilikuwa nimejiandaa kukwambia nunua kiti, shona pazia, nenda kwenye mafunzo, na yeye anakuja na neno kama hilo. Labda kungoja kwa namna ile nako kulikuwa na maana. Lakini angekuta viti viwili angenielewa vile vile, na mimi jioni zile ningekuwa na mahali pa kumkaribisha rafiki. Hapana, siachi neno langu. Siku ya kungoja nayo ni siku.

Tena nyinyi mna jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Mnaonana usoni kila siku, na hapo hapo ndipo mnaponyimana habari. Ukiwa na karatasi moja tu unatafuta cha kusimulia. Ukiwa na simu usiku kucha unasema "niko poa" na kuuliza kama ombi limejibiwa. Msimulie pazia limechanikaje. Muulize kwenye basi la kazini anakaa upande gani. Mwache aone chumba chako kikibadilika, ili siku utakapofika kwake amjue mtu wa mwaka huu, si yule aliyemvisha pete.

Haya, niliposoma yale makaratasi uliyonitumia nikaona mambo ambayo sijui kama mmeyaweka mezani. Mchumba wako ameshapeleka ile fomu ya I-129F, ya kukuombea visa ya mchumba, na mmethibitisha kwamba mlionana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuipeleka. Sawa. Ikikubaliwa, idhini yake hudumu miezi 4, ingawa ubalozi unaweza kuiongezea. Bado kuna cheti cha polisi, daktari, na usaili. Visa yenyewe ya mchumba, hiyo K-1, ukipewa, haizidi miezi 6 na unaingia nayo mara moja tu. Ukishaingia mna siku 90 za kufunga ndoa. Kisha ndiyo unaomba ukaazi, na kibali cha kufanya kazi nacho kina foleni yake. Kwa hiyo kipindi chako cha kukaa bila mshahara kipo mbele yako kwa vyovyote vile, hata mambo yote yakienda vizuri. Ukiacha kazi leo unakirefusha kutoka upande huu, na hakuna aliyekuomba. Wamarekani wenyewe huwashauri waombaji wasiuze mali wala wasiache kazi kabla visa haijatoka.

Unaona? Nimeanza kukujibu, na nilijiapiza nisikujibu.

Kwa sababu upo pia upande wa pili, na siwezi kuufumbia macho. Inawezekana kazi hiyo imeshakuchosha na unatafuta mlango tu, na visa ndiyo sababu ya heshima. Ikiwa ndivyo, swali si la visa kabisa. Au inawezekana mwenzio anakuhimiza uache ili aone umejitoa kweli. Hilo nalo silijui, na nikilijua huenda nikasema maneno yatakayotutenganisha mimi na yeye kabla hatujashikana mkono. Hujaniambia ni lipi. Ninalo jibu, mwanangu, limekaa hapa kwenye ncha ya ulimi, na mama yako ananiangalia nisiliandike. Mtakaoishi na uamuzi huo ni nyinyi wawili, nami nataka uwe wenu.

Ila kabla hamjaamua, niandikie mambo matatu. Mkataba wa nyumba unaisha mwezi gani? Mwenye nyumba anataka notisi ya muda gani? Na hapo kazini, umeshawauliza kama wanatoa likizo bila malipo?

Baba yako