Miezi minne na kitochi: pesa haikunisumbua, magrupu ndiyo yalinikomesha

Mleta mada, umeuliza kama mtu wa mjini anaweza kuishi bila simu janja asikwame. Mimi nimeishi miezi minne, na sikupanga. Nilichomolewa simu pale kituo cha Gerezani, Dar, jioni ile ya kugombania daladala la Rangi Tatu, mguu mmoja mlangoni, mwingine hewani.

Kesho yake nikarudisha laini: namba ya NIDA, kidole kwenye mashine, basi. Nikanunua kitochi, kile kisimu cha batani chenye tochi.

Wengi hapa mnaogopa pesa. Acheni. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 wengi wetu tulikuwa na hizihizi simu za batani, na *150*00# mpaka leo haikuulizi una simu gani wala una bando. Nimelipa maji, nimetuma nyumbani, nimelipa hadi kontroli namba ya leseni.

Kasheshe ni LUKU usiku. Umeme umekata, tokeni imeingia kwa meseji, tarakimu 20, na mita yetu iko juu ya kichwa. Tochi ya kitochi iko utosini: ukiinyanyua umulike mita, skrini inaangalia dari. Ukiishusha usome, mita imerudi gizani. Nikajaribu kukariri nnenne, kundi la tatu nikachanganya, mita ikakataa. Mwisho nikaokota mkaa jikoni nikaziandika zote ukutani, chini ya mita. Zipo mpaka leo, mwenye nyumba hajaziona.

Sasa magrupu. Huko ndiko nilikochapika. Siku hizi ukilalamika hukuambiwa jambo, jibu ni "mbona ilitumwa kwenye grupu", na hapo kesi imeisha. Asubuhi moja natoka dukani na mkate, nampigia jirani salamu ya utani kama kawaida yetu, hajibu. Kugeuka, naona turubai. Mama yake kafariki tangu jana jioni, mtaa mzima unajua, mimi nyumba ya nne sina habari. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Kwenye harusi ya mdogo wangu ndiyo usiseme: nilipangiwa laki mbili kikao kikiwa mtandaoni, nikaambiwa kimya changu kilimaanisha nimekubali!

Aliyeniokoa ni dada yangu. Kila jioni alinitumia meseji moja: nani anaumwa, kikao lini, mchango kiasi gani. Mimi nikawa namnunulia kifurushi. Kwa hiyo ukiamua, tafuta mtu wa hivyo kabla hujaanza, na namba muhimu zihamishie kwenye daftari, maana zangu ziliondoka na mwizi.

Na wanaokuahidi utulivu wa moyo, sijui wao waliupata wapi. Mimi nilipata usingizi, nikiri hilo, saa nne niko chali. Chaji nayo, naweka Jumapili, naisahau hadi Alhamisi. Ila utulivu? Ningeupata wapi na hilo deni la harusi.

Mwezi wa tano nikanunua simu janja nyingine, kwa sababu shule ya mwanangu ilianza kutuma kazi za nyumbani kwa picha. Kitochi sijakistaafisha lakini. Laini ya pesa iko humo, na kinakaa mfuko wa mbele. Ile ya picha, wakiitaka tena pale Gerezani, haina hata shilingi.