Mzigo wa Ujumbe Kati ya Woka na Uzi Mkuu wa Kivinjari

Nilipomtengenezea mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo mfumo wa mauzo unaofanya kazi ndani ya kivinjari, kila jioni alipofungua ripoti simu yake ilikwama kwa sekunde kadhaa. Nilihamishia hesabu zote kwa woka (Web Worker, sehemu ya programu inayofanya kazi pembeni ya ukurasa), nikaamini tatizo limekwisha. Simu iliendelea kukwama.

Ilinichukua siku mbili kuelewa sababu. Woka hatumii kumbukumbu moja na uzi mkuu, yaani mfululizo wa kazi unaochora ukurasa na kuitikia miguso: kitu kinachotumwa kwa postMessage, amri ya kutumiana ujumbe kati yao, hunakiliwa chote, kisha hujengwa upya upande wa pili, na woka anapojibu, anayebeba kazi ya kukijenga upya ni uzi mkuu wenyewe, ule ule tuliotaka kuupunguzia mzigo. Nilikuwa narudisha mauzo yote, mstari kwa mstari, ilhali ukurasa ulihitaji jumla chache na mistari 30 ya kwanza. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde huuachia uzi mkuu takriban milisekunde 16 kwa kila mchoro. Ujumbe mzito mmoja huzimaliza zote na kuvuka.

Kwa hiyo nakushauri uiache data ikae kwa woka, umtumie maswali madogo, naye akurudishie kile tu kinachoonekana kwenye skrini. Mabadiliko hayo peke yake ndiyo yaliyoiponya ripoti yetu.

Baiti nyingi, kama za picha za risiti, zina njia nyingine: ArrayBuffer, yaani kifurushi cha baiti ghafi, inaweza kukabidhiwa bila kunakiliwa, mradi uitaje katika orodha ya vitu vinavyohamishwa. Ukishaikabidhi si yako tena. Urefu wake kwako huwa 0. Kumbukumbu ya pamoja, inayotumiwa na woka na uzi mkuu bila kunakili, nayo ipo, lakini baada ya Spectre, udhaifu wa vichakato unaoweza kuvujisha siri zilizo kwenye kumbukumbu, kutangazwa Januari 2018 vivinjari viliizima kwa muda, na sasa huidai seva itume vichwa maalumu vya usalama, yaani mistari ya maelekezo inayoambatana na ukurasa. Kwa ripoti ya duka sioni haja yake.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ya yote ni kuupa kila ujumbe namba. Woka wetu alisoma hifadhidata kwa njia isiyosubiriana, yaani swali jipya halikungoja la awali lijibiwe, hivyo mteja alipobadilisha tarehe harakaharaka, jibu la Jumamosi lilichelewa na kufunika la Jumapili, naye nusura aagize mzigo kwa takwimu za siku nyingine. Sasa kila swali linakwenda na namba yake, jibu linarudi nayo, na uzi mkuu hulitupa jibu lolote ambalo namba yake si ya swali la mwisho.