Namba ya ringi haitoshi: matairi ya trekta dogo

Shikamoo Fundi. Nina ekari nne za parachichi nje kidogo ya Njombe. Nilinunua trekta dogo la Kijapani lililotumika, lile linalovuta mbele na nyuma. Matairi ya nyuma yameandikwa 8-16, ya mbele 5-12. Ya nyuma yamepasuka ubavuni na kashata, yaani meno yake, zimekwisha. Ya mbele bado yana nafuu. Muuza matairi mjini hana 8-16, anataka nifunge 205R16 ya gari kwa sababu ringi ni 16 vilevile na bei ni karibu nusu. Fundi wangu naye amepata 8-18 pamoja na ringi zake kutoka kwenye trekta lililokufa. Nimsikilize nani? Kazi zangu ni kuvuta tela la mbolea, kukata majani kati ya miti na kulima kipande cha mahindi.
*Mama wa parachichi, Njombe*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa shamba. Usimsikilize yeyote kati yao. Nakuomba usome jibu hili lote kabla hujatoa hela, kwa sababu ukifunga tairi lolote kati ya hayo mawili, siku si nyingi utakuja kutafuta gia za ekseli ya mbele. Gia za trekta dogo la zamani ni ghali kuliko matairi, na kuzipata ni kazi.

Tuanze na namba. Kwenye 8-16, 8 ni upana wa tairi kwa inchi na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kwenye 205R16, 205 ni upana kwa milimita, R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni ringi tena. Muuza matairi hajakudanganya kuhusu ringi. Ila hakuna namba kati ya hizo inayokuambia tairi lina kimo gani likisimama chini, na kwa trekta kama lako kimo ndicho kila kitu.

Sababu yake ni hii. Trekta lako halina difu ya katikati, yaani gia za kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukiingiza lever ya mbele, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja kwa shafti na gia, na kuanzia hapo idadi ya mizunguko ya mbele kwa kila mzunguko wa nyuma haibadiliki, utelezi uwepo au usiwepo. Mtengenezaji amepiga hesabu ili matairi ya mbele yatake kwenda kasi kidogo kuliko ya nyuma, kati ya asilimia 1 na 5, yavute badala ya kuburutwa. Ukibadilisha kimo cha matairi ya nyuma peke yake, umeivuruga hesabu hiyo, na mzigo wa tofauti unabebwa na gia.

Tuchukue mfano kwa vipimo vinavyokaribia vyako. Tairi la 5-12 likibeba uzito hutembea kama sm 160 kwa mzunguko mmoja, na 8-16 kama sm 240. Nyuma ikizunguka mara 10, mbele ikiwa huru itazunguka mara 15. Tuseme gia zinailazimisha izunguke mara 15.5. Hapo mbele inatangulia kwa asilimia 3 na kidogo, na trekta lina afya.

Sasa weka 205R16 nyuma. Hilo hutembea kama sm 224. Nyuma ikizunguka mara 10, mbele ikiwa huru inahitaji mizunguko 14 tu, lakini gia zinailazimisha 15.5. Mbele inataka kukimbia zaidi kwa karibu asilimia 11. Kwenye udongo laini tairi litateleza na kujisugua hadi liwe kipara. Kwenye barabara ya changarawe haliwezi kuteleza vya kutosha, kwa hiyo shafti inajikaza. Utaijua siku utakapotaka kutoa lever ya mbele ikagoma mpaka urudi nyuma kidogo. Watu wengi huichukulia kama ubovu wa lever.

Weka 8-18 badala yake. Hilo hutembea kama sm 255, mbele ikiwa huru itataka karibu mizunguko 16, gia zinatoa 15.5. Sasa mbele inaburutwa. Trekta la hivyo ukiliteremsha kwenye mteremko wenye majani mabichi, na Njombe sisi tuna miteremko, usukani unakuwa mzito na pua inataka kwenda moja kwa moja wakati wewe unakata kona. Hapo siongelei gia tena, naongelea maisha yako. Na usijaribu kusawazisha kwa kuweka 6-12 mbele. Hilo hutembea kama sm 182 na litakurudisha kwenye ile asilimia 11.

Vipimo hivi hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo pima trekta lako mwenyewe. Jaza upepo sawasawa kwanza. Chora alama ya chaki kwenye tairi moja la nyuma na moja la mbele. Toa lever ya mbele, endesha taratibu na kwa mstari ulionyooka kwenye ardhi ngumu na tambarare, nyuma ihesabiwe mizunguko 10, na mtu mwingine ahesabu ya mbele pamoja na robo zake. Kisha nenda kwenye shamba lililolimwa, ingiza lever ya mbele, rudia. Hesabu ya pili toa ya kwanza, gawa kwa ya kwanza, zidisha kwa 100. Ukipata kati ya 1 na 5, sawa. Ukipata chini ya sifuri, mbele inaburutwa. Kumbuka tu kwamba kipimo cha leo kinatoka kwenye matairi ya nyuma yaliyokwisha, ambayo ni mafupi kuliko yalivyokuwa mapya.

Jibu langu basi: agiza 8-16. Makambako hapa, Mbeya na Dar es Salaam wapo wanaoleta matairi ya matrekta madogo, na ukisubiri wiki kadhaa hujapoteza msimu, kwani tela la mbolea unaweza kulivuta kwa matairi uliyonayo ukiwa na mzigo mwepesi na huendi mbio. Ukishafunga mapya nyuma, rudia jaribio la chaki. Matairi ya mbele yaliyolika sentimita moja tu ya kashata hupungukiwa kama sm 6 kwa kila mzunguko, na hiyo peke yake inatosha kula ule utangulizi wote. Jaribio likikuonyesha sifuri au chini yake, nunua na ya mbele. Najua ni gharama, lakini afadhali uijue mapema.

Ukiagiza, taja aina ya meno. Matrekta mengi ya Kijapani yanayonifikia huja na matairi ya mpunga, meno marefu yaliyoachana, yaliyotengenezwa kwa tope. Yanapendeza machoni lakini kwenye changarawe huliwa haraka na kuitikisa ekseli. Wewe mwenye nchi kavu na tela, omba R-1, meno ya kawaida ya shamba. R-2 waachie wenye majaruba. R-3 ni ya viwanja vya nyasi. Kwenye udongo wetu mwekundu ukilowa inajaa tope na kuwa laini kama sahani.

Ringi zako za zamani zinafaa kama hazijaliwa na kutu. Chunguza kwenye tundu la valvu na kwenye kingo zinazoshika tairi, kwani wenye matrekta ya awali wakati mwingine hujaza maji ya chumvi ndani ya matairi ili kuongeza uzito, na chumvi ile hutafuna chuma kimyakimya. Ukilazimika kununua ringi nyingine, usihesabu matundu ya boliti pekee. Pima umbali kati ya matundu yanayotazamana, tundu la katikati, na upana wa ringi ndani kwa ndani kati ya kuta mbili zinazoshika tairi. Pima pia kina cha sahani ya katikati, maana hicho ndicho kinachoamua tairi litakaa karibu au mbali na bodi.

Siku ya kufunga, simama nyuma ya trekta utazame meno. Upande unaokutazama, ncha ya ile V inayochorwa na meno ielekee juu, ili likizunguka ncha ndiyo itangulie kugusa ardhi. Likifungwa kinyume, tope halitoki na mvuto unapungua. Ukitaka kutanua trekta kwa ajili ya mteremko, jambo ninalokushauri kabisa, hamishia gurudumu la kushoto kulia na la kulia kushoto bila kuyageuza. Upande uliokuwa nje sasa utatazama ndani. Sahani inakuwa kinyume, magurudumu yanatoka nje, na V inabaki sahihi.

Upepo: kazi ya shamba huwa PSI (pauni kwa inchi ya mraba) 15 hadi 20, usizidishe kilichoandikwa ubavuni. Fundi pancha aliyezoea daladala atakujazia 35 bila kukuuliza. Na nakusihi umkataze mambo mawili. Asimwage petroli na kuiwasha ili tairi likae kwenye ringi. Asichomelee ringi ikiwa na tairi juu yake, hata kama upepo umetolewa. Tairi linaweza kulipuka na kuua mtu aliyesimama karibu. Povu la sabuni na upepo wa taratibu vinatosha, na kama kingo hazijakaa ikifika PSI 35, atoe upepo, apake sabuni upya, aanze tena.

Fundi habari za kazi. Pawatila yangu, lile trekta la mkono la magurudumu mawili, inatumia matairi ya 6.00-12 na moja limepasuka. Jirani ananiambia nivae magurudumu ya chuma moja kwa moja niachane na mpira. Mwingine anasema matairi ya pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu yanaingia. Ushauri wako?
*Mkulima wa mpunga, Mbarali*

Salama, ndugu yangu. Magurudumu ya chuma ni ya ndani ya jaruba lenye maji, na humo hakuna mpira unaoyafikia. Ukipanda nayo barabarani unachimba barabara ya kijiji chenu, na mtikisiko unapanda kwenye mikono yako na kwenye giaboksi. Pawatila inayobeba magunia kwenda mashineni inahitaji mpira.

Matairi ya pikipiki ya mizigo mengi ni 4.50-12 au 5.00-12. Kweli ringi ni 12, yataingia, lakini ni membamba, ni mafupi, na kashata zake ni za lami. Usivae moja hilo na moja 6.00, maana pawatila itavuta upande wa tairi fupi siku nzima na wewe ndiye utakayeishikilia. Nunua mawili ya 6.00-12 ya meno ya shamba, kiwanda kimoja, na mipira mipya ya ndani. Lile zima ulilobaki nalo liwe akiba.

Mzee wangu, kwetu ni Bukavu lakini sasa niko Iowa, Marekani. Nimepata trekta ndogo ya bustani ya kukata nyasi, nyuma imeandikwa 23x10.50-12. Nataka kulima bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na wakati wa baridi nisukume theluji. Nibadilishe niweke mipira ya meno?
*Msomaji kutoka Bukavu*

Karibu sana, na mboga zistawi. Hapo uandishi ni tofauti na wa huku: 23 ni kimo cha tairi kwa inchi, 10.50 upana, 12 ringi. Kwa hiyo kimo unakijua bila kupima. Kama trekta yako inavuta nyuma tu, ile hesabu niliyompa dada wa Njombe haikuhusu.

Matairi ya meno ya kipimo hichohicho yapo na yatakaa kwenye ringi zako. Ila kila ukigeuka kwenye nyasi zikiwa na umande, meno yatazing'oa. Kwa mtu anayekata nyasi kila wiki na kulima mara moja kwa mwaka, mimi ningebaki na matairi ya nyasi, nikanunua minyororo ya 23x10.50-12 na vyuma vya uzito vya kufunga kwenye ringi za nyuma. Minyororo inafaa kwenye theluji na kwenye udongo wa kulima. Itoe kabla ya kurudi kwenye nyasi. Kabla ya kuinunua, hakikisha kuna nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na bodi pande zote.

Kingine, soma kitabu cha trekta yenyewe. Nyingi za kukata nyasi zina giaboksi nyepesi ambayo haikutengenezwa kuvuta plau ya ardhini, na tairi lenye mvuto mkubwa ndilo linaloivunja, kwa sababu halitelezi tena pale ambapo zamani lingeteleza. Kama kitabu hakiruhusu plau, kodi tila ya mkono kwa siku moja ulime bustani yako.