Maswali na majibu: hoteli za enzi za mkoloni, soma kabla hujabuku

Maswali ya hoteli za kale yamejaa kwenye inboksi tangu nilipogusia habari zake mara ya mwisho, nimechagua machache. Mengine yanafanana kama mapacha, nimeyaunganisha.

Swali: Tulibuku hoteli ya kihistoria kwa ajili ya fungate. Picha zilionyesha sakafu za mbao, dari ndefu na kibaraza. Tulipofika tukapewa rumu ghorofa ya juu kwenye jengo la kisasa, zulia na kioo tu, kama hoteli yoyote. Tumetapeliwa?

Hapana, hamkuuliza. Hili swali nimelijibu mara nyingi na bado kila mwezi linarudi, watu wanaangalia jina na picha moja ya mbele halafu wanalipa. Jamani, hoteli nyingi za kale zina jengo la zamani na jengo lililoongezwa baadaye, na yote yanabeba jina lile lile. Taj Mahal Palace ya Mumbai ilifunguliwa 1903 lakini mnara ulio pembeni yake ni wa miaka ya 1970. Peninsula ya Hong Kong ni ya 1928, mnara wake ukaongezwa 1994. Old Cataract ya Aswan ni ya 1899, ila ina jengo refu jipya la miaka ya 1960 linalotazama Nile vizuri tu, lakini si lile mlilokuwa mnaliota. Metropole ya Hanoi ni ya 1901 nayo ina upande mpya unaoitwa Opera. Ofa ya bei ya chini mara nyingi ni ya upande mpya, na wala sio siri, imeandikwa pale pale kwenye aina ya rumu ila nani anasoma.

Kabla hujalipa andika imeili uulize: rumu yangu iko kwenye jengo la mwaka gani, na dirisha linatazama wapi. Jibu likija kwa maandishi litunze, ukifika wakikubadilishia unalo la kuwaonyesha. Wakikujibu "rumu zetu zote zina mvuto wa kale" jua hujajibiwa, uliza tena.

Na hata huo upande wa zamani, usidhani unalala kwenye mbao zile zile. Raffles ya Singapore ilianza 1887 ikiwa na rumu 10 tu, jengo kuu mnaloliona kwenye picha ni la 1899, na hoteli nzima imefungwa kwa matengenezo makubwa mara mbili, 1989 hadi 1991 na tena 2017 hadi 2019. Mimi sioni ubaya, jengo lisilotengenezwa linaanguka, lakini ulizia nini kimebaki na nini kimejengwa upya, ni haki yako kwa hela unayotoa.

Swali: Hizi hoteli zina kiyoyozi na waifai?

Zinavyo.

Swali: Ipi ni bora kuliko zote?

Siwezi kukujibu, hujasema unaenda bara gani.

Swali: Sakafu ililia usiku kucha kila mtu akipita, maji ya moto yalichelewa dakika nzima na zaidi, waifai inakatika chumbani. Nidai nirudishiwe hela?

Tenganisha uzee na uzembe. Mbao zinajikunja na kutanuka hewa ikibadilika, baada ya miaka mia zinalia, hakuna fundi wa kuzinyamazisha bila kuzing'oa. Mabomba kwenye majengo haya mengi yalipitishwa baadaye, yanazunguka mbali, maji yaliyopoa njiani lazima yatoke kwanza. Ukuta mnene unaokupa baridi mchana ndio huo huo unaoua waifai. Haya ni ya kuvumilia.

Ila chumba kinanuka ukungu, waya umechubuka ukutani, mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo, huo ni uzembe, na meneja asikudanganye eti ndio uhalisia wa hoteli ya kale. Hapo dai, tena kwa sauti. Na hili hujaniuliza lakini nakwambia: ukishaweka begi, kabla hata hujapiga picha, toka utembee kwa miguu mpaka ngazi ya dharura, hesabu milango njiani. Nyumba ya mbao ikishika moto haikupi muda wa kutafuta ramani.

Halafu jaribu kuitumia nyumba ilivyojengwa. Dari ndefu haikuwekwa kwa urembo, hewa ya moto inapanda juu inakuacha wewe chini. Kibaraza kipana kinazuia jua lisigonge ukuta. Jioni zima kiyoyozi, fungua luva upande mmoja na mlango wa kibarazani upande wa pili, washa feni polepole, kaa kimya. Upepo unaingia kama maji, unapita juu ya miguu unatoka upande wa pili, na pale ndipo unaelewa yule fundi alikuwa anafikiria nini.

Swali: Mama yangu ana miaka 80 na anatumia kiti cha magurudumu. Ataweza?

Swali zuri na nashukuru umeuliza kabla ya kusafiri, wengi wanauliza wakiwa wameshakwama kwenye ngazi. Majengo haya yalipojengwa hakuna aliyemfikiria mtu wa kiti. Ngazi ziko mlangoni, ngazi ziko kuelekea bustanini, lifti za zamani ni nyembamba, na bafu lenye beseni refu la miguu ya chuma ni zuri kwenye picha tu, mzee hawezi kuingia humo bila kubebwa. Usiulize "kuna lifti?" maana watakujibu ndiyo. Uliza upana wa mlango wa lifti kwa sentimita, uliza ngazi ngapi kutoka gari mpaka kitandani, uliza kama kuna bafu la kuoga umekaa. Na kwa mama yako, mimi ningechukua jengo jipya bila kujiuliza mara mbili, halafu mchana mnakaa wote kibarazani kwenye jengo la zamani. Starehe ya mama kwanza.

Swali: Nataka kulala rumu aliyolala mtu maarufu. Inafaa hela ya ziada?

Kama una hela ya kuchezea, lala. Mimi nimechoka na hii habari ya nani alilala wapi. Mfalme fulani, mwandishi fulani, usiku mmoja tu, na mlango unabandikwa jina lake milele. Tena nusu ya visa vya hoteli hizi vimekuzwa. Kila mtu amesikia kuwa chui milia alipigwa risasi chini ya meza ya biliadi pale Raffles. Ilikuwa 1902, mnyama alikuwa ametoroka kwenye maonyesho ya jirani, na alipigwa chini ya jengo la biliadi lililokuwa limeinuliwa juu ya nguzo. Sio chini ya meza. Kisa cha kweli kinatosha, kwa nini wakiongezee meza? Na ile habari kwamba Jamsetji Tata, tajiri wa Kihindi, alijenga ile Taj ya Mumbai kwa sababu alifukuzwa kwenye hoteli ya Wazungu pekee, wanahistoria wanaibishia, lakini utaisikia kila mahali kama vile imeandikwa kwenye jiwe.

Ukitaka jina la kulikumbuka pale Raffles, kumbuka Ngiam Tong Boon. Ni mhudumu wa baa, ndiye anayetajwa kuwa alitengeneza kile kinywaji cha Singapore Sling karibu na mwaka 1915, kinachouzwa mpaka leo. Mhudumu mwenye jina! Kwenye hoteli hizi ni bahati adimu, na nitalirudia hapo chini.

Swali: Dreskodi ikoje?

Soma tovuti yao. Nyingi jioni zinataka suruali ndefu na kiatu cha kufunika vidole. Usibishane na mlinzi mlangoni, hakuitunga yeye.

Swali: Babu yangu alikuwa mtumishi wa Wazungu wakati wa ukoloni. Leo nina uwezo wa kulala kwenye hoteli zile zile. Rafiki zangu wanasema ni usaliti, kwamba ninalipia mateso ya babu. Niende?

Nenda. Na usiingie kwa kunyata.

Rafiki zako hawajakosea kuhusu historia, wamekosea kuhusu wewe. Hoteli hizi nyingi zilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja, mgeni Mzungu aliyeshuka kwenye meli au treni. Ile ya Victoria Falls ya 1904 ililetwa na reli. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa Krismasi ya mwaka huo huo wa 1904, walowezi wakaikalia mpaka ikabatizwa House of Lords, jina la bunge la mabwana wa Uingereza. Kwenye miji ya walowezi Mwafrika aliingia hoteli za namna hiyo kwa mlango wa nyuma, kwa kazi, na mwanaume mwenye mvi na wajukuu aliitwa boi. Watu waliyajua haya vizuri sana, ndio maana Cairo ilipolipuka kwa hasira dhidi ya Waingereza tarehe 26 Januari 1952, hoteli ya Shepheard's, iliyokuwepo tangu 1841, ilikuwa kati ya majengo yaliyochomwa.

Angalia hata lugha yetu. Feni tunaiita pangaboi. Panga hapo limetokana na panka la Kihindi, boi ni la Kiingereza. Kabla ya umeme palikuwa na kitambaa kikubwa kinaning'inia darini na mtu amekaa pembeni au nje ya ukuta anavuta kamba, anavuta, anavuta, usiku mzima, ili mwingine alale. Umeme ulipokuja yule mtu akaondoka, jina lake la kazi likabaki kwenye mashine. Sasa ukilala pale ukatazama feni inazunguka juu yako, unamtazama mtu wa aina ya babu yako.

Niliwahi kusimama kwenye korido ya hoteli moja ya namna hii, siitaji, mbele ya picha kubwa ya zamani ukutani. Wageni sita wamekaa kwenye viti vya ukindu, nyuma yao wamesimama wanaume wanne wa kanzu nyeupe na kofia. Chini kuna kibao cha shaba, majina ya wageni wote sita yapo, na jina la mbwa lipo. Wale wanne hawapo. Nilienda risepsheni nikauliza ni akina nani, dada wa pale akaniambia kwa upole kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi wewe uliza. Lala kitanda kizuri, kunywa chai kibarazani, halafu uliza nani alijenga, nani alipika, wahudumu walikuwa wanalala wapi, na yale mabanda yao leo ni nini. Andika swali lako kwenye kitabu cha wageni. Hoteli zinasoma vile vitabu, wageni wengi wakiuliza jambo lile lile kibao kitabadilishwa.

Kitu kimoja tu nakukataza, wewe na wengine wote mnaopanga harusi huko: hizo sherehe za "enzi za dhahabu", bwana harusi kavaa kofia ngumu ya mkoloni na wahudumu wamesimamishwa nyuma kwenye mavazi ya utumwani wapigwe picha. Enzi hizo zilikuwa za dhahabu kwa nani? Yule kijana aliyeshika sinia kwenye picha yako hakupewa nafasi ya kukataa.

Swali: Bakshishi ninaacha kwa nani?

Angalia kwanza kama bili ina tozo ya huduma. Halafu mkumbuke anayetandika kitanda, yeye humuoni kwa hiyo unamsahau. Mwachie kila asubuhi, manake wa leo sio lazima awe wa kesho.

Swali: Sina hela ya kulala. Naweza kuingia tu kuangalia?

Sehemu nyingi ndiyo. Nenda saa za chai ya mchana, buku meza mapema, vaa vizuri, uliza kama wana matembezi ya kuonyesha jengo. Pale Metropole ya Hanoi kuna handaki la kujificha mabomu la wakati wa vita, lilifukiwa likasahaulika, likagunduliwa tena 2011 wakati wa ukarabati wa baa, na sasa wageni wa hoteli wanateremshwa kuliona, wewe usiyelala pale uliza kwanza kama utaruhusiwa. Unakaa kwenye kiti kizuri na kikombe chako na chini ya miguu yako pana chumba cha zege ambacho watu walikaa wamekumbatia magoti. Kwa hiyo unapoenda popote, uliza na kilichopo chini.